Sura ya Nne: Bustani Iliyoacha Kuuliza

Mwezi Oktoba 2014, mashua ndogo zilizokuwa zikizunguka ndani ya banda la Norway, katika bustani ya burudani ya EPCOT huko Florida, Marekani, zilisimamishwa. Kwa miaka 26 zilikuwa zimewapitisha wageni kwenye mandhari ya mazimwi wa hadithi za kale, mabaharia wa Viking, dubu weupe wa nchi za barafu na mtambo wa kuchimba mafuta katika Bahari ya Kaskazini, kisha zikawashusha kwenye kijiji cha wavuvi ambako milango ya ukumbi ilifunguka ili watazame filamu fupi kuhusu nchi yenyewe. Juni 2016 mashua zilezile, kwenye mfereji uleule, zilianza tena kazi. Safari hii zilielekea Arendelle, ufalme wa filamu ya katuni ya Frozen, ambao haumo kwenye ramani yoyote ya dunia. Foleni zikarefuka. Kwa hesabu ya vichwa, aliyeamua mabadiliko hayo hakukosea. Lakini banda lile lilikuwa mojawapo ya mabanda ya mataifa yaliyopangwa kuzunguka ziwa moja, na kusudi la mpango huo lilikuwa kumwonyesha mgeni kwamba nje ya mipaka ya nchi yake wanaishi watu wa kweli, wenye historia, vyakula na mahangaiko yao. Tangu siku ile, miongoni mwa majirani hao kulikuwa na mmoja wa kubuni, na ndiye aliyepangiwa foleni kubwa kuliko wenzake.

Kisa hiki ni kidogo, na wapo watakaosema hakistahili sura nzima ya kitabu. Nakichukua kwa uzito kwa sababu kinaonyesha kwa uwazi usio wa kawaida jinsi taasisi inavyopoteza utambulisho wake bila mtu yeyote kuamua kuupoteza. Nionavyo, utambulisho wa mahali kama EPCOT haukai kwenye majengo yake, wala kwenye jina lake, wala kwenye orodha ya michezo yake. Unakaa kwenye swali ambalo mahali hapo humuuliza mgeni, swali ambalo kila sehemu husaidia kulijibu kwa namna yake. Majengo yanaweza kubomolewa na swali likabaki. Vilevile majengo yanaweza kubaki, yakapakwa rangi na kung'arishwa, huku swali limekwisha kuondoka zamani. EPCOT imepitia hayo yote mawili, na historia yake ya zaidi ya nusu karne inatosha kututenganishia mabadiliko yanayokuza na mabadiliko yanayofuta.

Tuanze mwanzo, maana mwanzo wenyewe una utata. Herufi za EPCOT ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya jumuiya ya majaribio ya kielelezo cha kesho. Walt Disney aliposema maneno hayo hakuwa akifikiria bustani ya burudani. Kampuni yake ilikuwa imenunua kwa siri, kupitia kampuni za majina mengine, takribani ekari 27,000 za mabwawa na mashamba katikati ya Florida. Katika filamu iliyorekodiwa Oktoba 1966 alieleza kwamba kiini cha eneo lile kingekuwa mji hasa, wa wakazi 20,000. Katikati ya mji pangekuwa na eneo la ekari 50 lililofunikwa kwa paa ili hali ya hewa idhibitiwe. Magari ya mizigo na ya abiria yangepita chini ya ardhi, watu wangesafiri kwa reli ya juu na kwa vigari vya umeme visivyosimama, na nyumba zingepangwa kuzunguka kitovu hicho kama mionzi. Viwanda vya Marekani vingekuja kujaribu humo teknolojia zao mpya. Hakuna ambaye angemiliki ardhi, na wakazi wote walitarajiwa kuwa na kazi. Kuna mengi ya kutia shaka katika ndoto hiyo: mji ambao mkazi wake hana ardhi wala kura yenye nguvu ni mji wa bwana mmoja, hata bwana huyo awe mwema kiasi gani. Lakini swali lake lilikuwa wazi na lilikuwa kubwa: je, miji yetu, iliyojaa moshi na msongamano, inaweza kujengwa vizuri zaidi?

Disney alifariki tarehe 15 Desemba 1966, wiki chache tu baada ya kurekodi filamu hiyo. Waliobaki hawakuwa na ujasiri wa kujenga mji, na pengine hawakuwa na uwezo. Walijenga kwanza kile walichokuwa wanakijua, yaani bustani ya ngome na hadithi za watoto iliyofunguliwa Oktoba 1971, halafu wakarudi kwenye jina la EPCOT na kutafuta la kulifanyia. Walichokipata kilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1982 kwa gharama ya zaidi ya dola bilioni moja: bustani yenye sehemu mbili, moja ya mabanda ya maarifa na teknolojia, nyingine ya mabanda ya mataifa. Asili yake ilikuwa maonyesho makubwa ya dunia, hasa yale ya New York ya 1964 na 1965 ambako Disney mwenyewe alikuwa ametengeneza maonyesho manne kwa ajili ya wadhamini. Msomaji aliyewahi kuzunguka viwanja vya Sabasaba pale Dar es Salaam, akatoka banda la wizara akaingia banda la kiwanda, kisha banda la nchi ya kigeni, anaujua mpangilio huo bila kuelezwa zaidi. Tofauti ni kwamba maonyesho ya aina hiyo hufungwa baada ya siku au miezi kadhaa, ilhali haya yalikusudiwa yadumu.

Kwa hiyo hasara ya kwanza ilikuwa imekwisha kutokea kabla lango halijafunguliwa. Mji ulikuwa umegeuzwa maonyesho kuhusu mji. Wapo wanaoishia hapo na kusema kwamba EPCOT haikuwahi kuwa na utambulisho wa kupoteza, kwa kuwa ile ya 1982 tayari ilikuwa ya bandia. Sikubaliani nao. Swali la 1966 lilipunguzwa makali, lakini halikutupwa. Ile bustani ya 1982 ilimuuliza mgeni: binadamu tumefikaje hapa, tunaishije na wenzetu, na kesho tutaishije? Kila banda lilipewa kipande chake cha swali hilo. Ndani ya tufe kubwa jeupe la langoni, lenye kimo cha meta 55 hivi, vigari vilipanda taratibu vikipita historia ya mawasiliano, kutoka michoro ya mapangoni hadi satelaiti. Mwandishi Ray Bradbury alikuwa mmoja wa waliosaidia kuunda simulizi lake. Banda moja lilihusu nishati, jingine usafiri, jingine ardhi na chakula, na baadaye yakaja ya bahari na ya afya. Mickey na wenzake hawakuwekwa ndani mwanzoni, tena kwa makusudi. Wageni walioleta watoto walilalamika, na wahusika hao wakaanza kuingizwa ndani ya miaka michache. Uamuzi ule wa mwanzo ulikuwa na maana kubwa: kampuni iliyotajirika kwa katuni ilikubali kwamba mahali pamoja kati ya mali zake zote, kivutio kitakuwa dunia yenyewe.

Mabanda hayo yalilipiwa na wadhamini. Exxon ililichukua banda la nishati, General Motors la usafiri, Kraft la ardhi, Kodak la ubunifu, na kampuni ya simu ya Bell ilibeba tufe la langoni. Mpango huu ndio uliowezesha bustani ijengwe, na ndio uliopanda ndani yake mbegu ya kudhoofika kwake. Kampuni iliingia mkataba wa miaka kadhaa, na mkataba ulipofika mwisho ilijiuliza kama pesa zile zinarudi. Kraft iliondoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, General Electric ikaondoka 1993, na wengine wakafuata. Mdhamini akitoka, banda hubaki na umeme wa kulipa, mitambo inayochakaa na simulizi linalozeeka, bila mtu mwenye sababu ya kulitetea mbele ya wahasibu.

Hakuna banda lililoonja uchungu huo kama Horizons. Lilifunguliwa 1983, mwaka mmoja baada ya bustani, kwa udhamini wa General Electric, nalo lilikusudiwa kuwa mahali ambapo mafunzo ya mabanda mengine yote yanakutana. Mgeni aliketi kwenye kigari kilichotazama pembeni, akapitishwa kwanza kwenye picha za jinsi watu wa zamani walivyoota ya kesho, kisha akaonyeshwa familia moja iliyotawanyika katika mazingira tofauti ya wakati ujao: jangwani palipogeuzwa shamba, chini ya bahari, na kwenye vituo vya anga za juu. Walikuwa wameachana kwa umbali lakini wakikutana kwa skrini kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mtoto, jambo ambalo leo familia nyingi hulifanya kwa simu ya mkononi. Mwishoni abiria walibonyeza kitufe kuchagua njia ya kurudia nyumbani, na kura ya waliomo ndani ya kigari ndiyo iliyoamua. Nalitaja hilo la kura kwa sababu ndilo lililobeba ujumbe wote wa mahali pale: kesho si jambo linalotufika tu, ni jambo la kuchaguliwa. General Electric ilipoondoka, banda likabaki likiyumba. Lilifungwa mwishoni mwa 1994, likafunguliwa tena mwaka uliofuata kwa kuwa mabanda jirani yalikuwa yakifanyiwa matengenezo na wageni walihitaji mahali pa kwenda, kisha likafungwa moja kwa moja Januari 1999 na kubomolewa. Penye uwanja wake pakajengwa mtambo wa kuzungusha watu kwa kasi ili wahisi mgandamizo wa roketi, uliofunguliwa 2003. Ni mtambo wa kustaajabisha, na mada yake bado ni safari za anga. Lakini banda lililounganisha mabanda yote liliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na banda lisilounganisha chochote na chochote.

Banda la ubunifu la Kodak lilipata mkasa wa aina nyingine. Huko, joka dogo la zambarau liitwalo Figment na mzee mwenye ndevu aliyeitwa Dreamfinder waliwachukua wageni katika safari ya jinsi wazo linavyozaliwa. Lilikuwa banda ambamo EPCOT ilikuwa imezaa wahusika wake yenyewe. Mwaka 1998 lilifungwa, na lilipofunguliwa mwaka uliofuata mzee alikuwa ameondolewa kabisa na joka likabaki kama kivuli. Wageni walikasirika kiasi kwamba ndani ya miaka mitatu tu banda likafanyiwa matengenezo mengine na joka likarudishwa. Funzo la mkasa huo hupuuzwa mara nyingi. Hudhaniwa kwamba wageni wa kawaida hawajali utambulisho wa mahali, kwamba ni jambo la wachache wanaokumbuka mno. Hapa walijali, na walisema.

Sasa tuangalie uamuzi unavyofanyika, maana humo ndimo hoja yangu inamokaa. Fikiria kikao ambacho banda moja limeletwa kujadiliwa. Mitambo imechakaa, mdhamini hayupo, foleni ni fupi. Pembeni kuna pendekezo la kitu kipya chenye mhusika anayejulikana, ambacho kitauza fulana na vinyago na kuvuta watu wa kutosha. Ukilinganisha hivyo viwili, banda dhidi ya pendekezo, pendekezo litashinda karibu kila mara, na litashinda kwa haki. Tatizo ni kwamba kile kinachopotea hakimo kwenye mizani. Uhusiano wa banda lile na mabanda mengine, swali wanalolijibu kwa pamoja, hauna fungu lake katika bajeti wala meneja wake wala safu yake katika jedwali la mapato. Foleni hupimwa kwa dakika na mauzo kwa dola. Mtoto aliyetoka akimwuliza baba yake umeme unatoka wapi hapimwi na chombo chochote. Hivyo kila kikao hufanya uamuzi wa busara, na jumla ya maamuzi hayo ya busara ni mahali pasipojua tena palijengwa kwa nini. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Na anayechovya kidogo huwa haoni kwamba yeye ndiye anayelimaliza.

Ipo pia sababu iliyotoka nje ya bustani. Kampuni ya Disney ilinunua Pixar mwaka 2006, Marvel mwaka 2009, Lucasfilm mwaka 2012, na sehemu kubwa ya 20th Century Fox mwaka 2019. Kampuni iliyotumia mabilioni kununua wahusika lazima iwatafutie pa kukaa, na bustani zake ndizo zenye nafasi. Ukiweka tarehe hizo sambamba na tarehe za EPCOT, mfuatano unajieleza. Banda la bahari, ambalo kwa miaka lilikuwa tangi kubwa la samaki lenye maonyesho ya utafiti, kufikia 2007 lilikuwa limekuwa banda la samaki Nemo. Banda la Ufaransa likapata mwaka 2021 safari ya vigari ya panya mpishi wa filamu ya Ratatouille. Banda la nishati, lililofungwa 2017, likafunguliwa 2022 kama rola kosta ya mashujaa wa Marvel. Sidhani kwamba kuna aliyeketi na kusema tuiue EPCOT. Ghala lilijaa, na nafasi zilikuwepo.

Pingamizi la kwanza, na lenye nguvu kuliko yote, linasema kwamba mahali palipojengwa kuhusu kesho hapawezi kubaki palivyo, kwa kuwa kesho hufika. Maonyesho ya 1982 yaliyoonyesha kompyuta kama maajabu yangekuwa kichekesho mwaka 2000. Disney mwenyewe alipenda kusema kwamba bustani zake hazitakamilika kamwe, na kwamba EPCOT ingekuwa daima katika hali ya kuundwa. Kwa hiyo, wanasema, kubadilika ndiyo asili yake, na anayelilia mabanda ya zamani ndiye msaliti wa wazo la mwanzilishi. Nalikubali nusu ya pingamizi hili kwa moyo wote. Jibu langu linapatikana ndani ya lile tufe la langoni. Simulizi lake limeandikwa upya mara kadhaa: sauti ya mtangazaji Walter Cronkite ikaja 1986, ya mwigizaji Jeremy Irons 1994, ya Judi Dench 2008. Mandhari ya mwisho yamebadilishwa, muziki umebadilishwa, satelaiti zimeipisha kompyuta. Na bado swali ni lilelile: binadamu walijifunzaje kupashana habari, na ujuzi huo unatupeleka wapi? Hayo ndiyo mabadiliko ambayo wazo la kesho linayadai. Jibu linapochakaa huandikwa jipya. Kuacha kuuliza ni jambo jingine kabisa, na haliwezi kuhalalishwa kwa kusema kwamba majibu yalikuwa yamechakaa.

Hata nje ya Disney ushahidi unaelekea huko. Tivoli, bustani ya burudani iliyofunguliwa Copenhagen mwaka 1843, imebadilisha michezo yake mara nyingi, imechomwa moto wakati wa vita na kujengwa upya, na leo ina mashine za kasi ambazo mwanzilishi wake Georg Carstensen asingeweza kuziwazia. Lakini bado ni bustani ya maua, taa na muziki katikati ya mji, mahali ambapo mwenyeji huingia jioni kutembea na kusikiliza tamasha, akipenda kupanda kitu hupanda, asipopenda hutembea tu. Reli yake ya mbao ya 1914 inaendelea kuendeshwa na mfanyakazi anayeketi ndani ya treni na kushika breki kwa mkono. Umri haulazimishi usahaulifu, na kupenda mashine mpya hakulazimishi.

Pingamizi la pili linanigusa zaidi, kwa sababu ni la haki. Linasema kwamba ile EPCOT ya mwanzo haikuwa shule ya umma, ilikuwa tangazo la kibiashara lililovikwa joho la elimu. Kampuni ya mafuta ndiyo iliyokuwa ikiwafundisha wananchi kuhusu nishati, na kampuni ya magari ndiyo iliyosimulia historia ya usafiri, ambayo haishangazi iliishia kwenye magari. Na mabanda ya mataifa yalitegemea nani ana pesa. Hapo Afrika ina ushahidi wake. Lilikuwepo pendekezo la banda la Afrika ya ikweta, lenye mti mkubwa wa kupanda na kutazama kutoka juu wanyama wanaokuja kunywa maji, na Alex Haley, mwandishi wa kitabu cha Roots, alishirikishwa katika kulibuni. Udhamini uliohitajika haukupatikana na banda halikujengwa. Morocco, ambayo serikali yake iligharimia banda lake na kuleta mafundi wa vigae kutoka kwao, ilifunguliwa 1984, nayo ndiyo nchi pekee ya bara zima yenye banda hadi leo. Sehemu nyingine ya Afrika ilipata kibanda cha vinywaji na vinyago kati ya Ujerumani na China. Disney ilipoirudia Afrika Mashariki mwaka 1998, ilikuwa katika bustani nyingine, ya wanyama, yenye kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, chenye kuta zinazofuata usanifu wa Lamu na mabango ya Kiswahili, ambacho kazi yake kuu ni kuwa kituo cha kuanzia safari ya kuona tembo na simba. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba dunia ya EPCOT ilikuwa dunia iliyopunguzwa, yenye viti vya kulipia, sina la kumpinga.

Lakini tazama dosari hiyo ilitibiwaje. Kama tatizo lilikuwa kwamba Exxon ndiyo iliyosimulia habari za nishati, basi Exxon ilipoondoka mwaka 2004 nafasi ilipatikana ya kuzisimulia kwa uhuru. Kati ya 1982 na 2022 suala la nishati liligeuka kutoka mada ya wataalamu na kuwa suala la uhai wa miji ya pwani, mashamba na mito duniani kote. Mkataba wa Paris ulifikiwa 2015. Paa la banda lile lilikuwa na vipande vya kunasa nishati ya jua tangu siku ya ufunguzi, wakati ambapo watu wengi hawakuwahi kuviona. Bustani iliyokuwa na jengo hilo, na mamilioni ya wageni kila mwaka, iliamua kwamba hapo pakae mashujaa wa filamu. Dosari ya swali la zamani ilikuwa kwamba aliyelijibu alikuwa na maslahi, na hilo ni jambo la kurekebishwa. Badala ya kumbadilisha mjibuji, waliondoa swali, tena katika miaka ileile lilipokuwa la lazima kuliko wakati wowote uliopita.

Na wageni je? Wanakuja. Makadirio ya sekta yanaonyesha kwamba mwaka 2019 EPCOT iliingiza zaidi ya watu milioni 12. Anayependa hoja fupi atauliza kama mahali panapojaa kiasi hicho panaweza kuitwa pamepotea. Lakini idadi ya watu inatuambia kwamba wamekuja, haituambii wamejia nini. Tangu miaka ya 1990 bustani imekuwa ikijaza kalenda yake kwa matamasha, kwanza ya maua, kisha ya vyakula na mvinyo, baadaye ya sanaa na ya sikukuu, hadi ikafika mahali ambapo siku za tamasha ni nyingi kuliko siku zisizo na tamasha. Wageni wengi wa siku hizi huzunguka ziwa wakionja chakula kibanda kwa kibanda. Hakuna ubaya katika kula, na chakula ni mlango mzuri wa kuingilia utamaduni wa watu. Ila mpango huo ungeweza kufanyika kwenye uwanja wowote wenye kivuli. Na kuhusu biashara yenyewe, kampuni inayojali faida ya muda mrefu ingepaswa kuogopa kufanana. Mei 2025 kampuni ya Universal ilifungua katika eneo lilelile la Orlando bustani mpya iitwayo Epic Universe, iliyojengwa juu ya walimwengu wa filamu na michezo ya video. Katika shindano la nani ana wahusika wanaopendwa zaidi, EPCOT ni mshindani mmoja kati ya wengi. Katika kuuliza jinsi binadamu watakavyoishi kesho, haikuwa na mshindani hata mmoja.

Uongozi wenyewe unaonekana kuhisi pengo hilo. Jina, ambalo liliwahi kuandikwa kwa herufi ndogo na hata kufungashwa na mwaka, lilirudishwa mwaka 2020 katika herufi zake kubwa za asili. Bustani imegawanywa upya katika mitaa minne yenye majina yanayotaja dunia, ugunduzi, maumbile na sherehe; imewekwa sanamu ya Walt Disney aliyeketi; ukumbi mpya uliofunguliwa 2024 umepewa jina la kumbi za 1982. Njia ya maji iliyofunguliwa 2023, inayofundisha mzunguko wa maji kutoka mawinguni hadi baharini, ni kazi nzuri kwelikweli, ingawa hata yenyewe haikuruhusiwa kusimama bila jina la mhusika wa filamu, Moana. Naona katika hayo hamu ya kweli ya kurudi, lakini iliyoanza na majina. Jina lina thamani pale linapombana anayelitumia. Kama mtaa unaitwa wa ugunduzi, basi kila kinachopendekezwa humo kiulizwe kwanza mgeni atagundua nini, na awepo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kukataa pendekezo lisilo na jibu hata kama mauzo yake ni mazuri.

Anayesema jambo hilo haliwezekani na aende kwenye banda la ardhi. Mashua za mwaka 1982 bado zinapita humo, ndani ya mabanda ya kioo yaliyoandaliwa mwanzoni kwa msaada wa Carl Hodges na watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona. Humo nyanya, matango na maboga huoteshwa bila udongo, mizizi yake ikining'inia hewani au majini, na samaki hufugwa kwenye matangi. Wanasayansi wa Wizara ya Kilimo ya Marekani wamewahi kufanyia kazi humo. Sehemu ya mavuno hupelekwa kwenye migahawa ya bustani na kuliwa huko. Kraft iliondoka, Nestlé ikaja na kuondoka mwaka 2009, maelezo yakabadilishwa mara kadhaa, na zaidi ya miaka 40 baadaye wageni bado wanapanga foleni kutazama mboga, bila binti mfalme wala shujaa mwenye silaha kuwasindikiza. Dunia yenye watu zaidi ya bilioni 8, yenye ukame unaozidi na udongo unaochoka, haijamaliza kuuliza itakula nini, na banda hilo bado linaliuliza swali hilo kwa mimea hai.